Programu Tatu na Mlio Mmoja wa Taban

Sauti ya mwisho ya Taban ninayo ndani ya kompyuta yangu, na mpaka leo hakuna programu iliyoweza kuisoma yote. Si sauti ya mdomo. Ni mlio wa redio, kama ndege aliyefungiwa ndani ya kopo, unaopanda na kushuka kwa muda mfupi kisha unakatika. Programu ya kwanza niliyoipa mlio huo ilisema hakuna aliyetuma kitu. Ya pili ilisema Taban alikuwa katikati ya shamba la muhogo kule Midia. Ya tatu ilisema nusu ya jambo, na mahali pa nusu nyingine ikaweka nyota. Kwa lugha ya programu hiyo, nyota maana yake ni: hapa sijui.

Ninyi vijana mnaoanza kazi ya redio mnanijia na kompyuta zenu mpakato na vile vijiti vya kuchomeka vinavyonasa mawimbi. Mnaniuliza, mzee, tuweke programu ipi ya kusoma na kuchambua ishara? Mnataka jina moja mlipakue mwende zenu. Jina sina. Nina habari ya mlio huu, na ili muielewe lazima nirudi nyuma kidogo.

Sehemu kubwa ya maisha yangu nilifanya kazi Arua, upande wa Uganda karibu na mpaka wa Kongo, katika chumba kidogo nyuma ya ofisi ya shirika la misaada, nikizungumza na magari yaliyokuwa njiani. Jina langu la kuzaliwa lilisahaulika pale. Watu wote waliniita Base, yaani kituo kikuu, kwa kuwa ndilo neno nililolitamka hewani kutwa nzima. Mke wangu alipoleta chakula, askari wa getini alikuwa anapaza sauti: "Base, Base! Chakula yako iko hapa, ova!"

Aliyenifundisha ni Sajini Wani, Mkakwa wa Koboko, aliyejifunza redio jeshini akarudi nyumbani na masikio makali na magoti mabovu. Alivaa hedifoni upande mmoja tu. Sikio la pili, alisema, ni la kusikilizia upumbavu wetu. Kompyuta zilipoingia chumbani mwetu, na skrini ikaanza kuonyesha mawimbi kama maji ya rangi yanayoporomoka kutoka juu, Sajini alisimama nyuma ya kiti changu akaitazama.

"Hii TV yako iko muzuri," akasema. "Lakini mpira iko wapi?"

"Sajini, hii inaonyesha kila anayezungumza hewani."

"Hapana. Inaonyesha ile yenyewe inataka kuonyesha. Funga macho, wewe. Sikiliza kwanza."

Nilicheka. Haikupita muda tukaona mstari mwekundu mnene kwenye skrini, ukija na kuondoka. Programu ikatangaza kwamba ni ishara ya kidijitali ya aina isiyojulikana. Candiru, mwenzangu wa zamu, dada wa Kilugbara ambaye mkono wake ni mwepesi kuliko wangu, akaipima upana, akaipima kasi, akaichora. Tulibishana kama ni jeshi la nchi gani. Sajini akaingia, akavaa hedifoni, akasikiliza, akatoka kimya hadi jikoni na kuchomoa chaja ya simu ya mpishi ukutani. Mstari ukatoweka.

"Adui amekamatwa," akasema. "Alikuwa anapika maharagwe."

Kwa hiyo, kabla hamjapakua programu yoyote, zimeni chaja, zimeni taa za bei rahisi, zimeni kidhibiti cha sola, kisha washeni kimoja kimoja mkisikiliza. Nimeona watu wakinunua programu ghali ya kuondoa kelele iliyokuwa inatoka mezani pao wenyewe.

Sasa niwaeleze mlio. Magari yetu yalikwenda Omugo, kwenye makazi ya wakimbizi, na yalikwenda mbele zaidi, mahali ambapo mtandao wa simu hukata. Kila gari lilikuwa na redio na antena ndefu inayoyumba kama fimbo ya kuvulia samaki. Chini ya usukani kulikuwa na kitufe chekundu. Dereva akikibonyeza, redio hutuma mlio wenye jina la gari na mahali lilipo: kwanza umbali wa kaskazini, halafu umbali wa mashariki. Tarakimu husafiri mbili mbili, na kila jozi hutumwa mara mbili, ili mkwaruzo ukiiharibu ya kwanza, ya pili iiokoe. Juu ya hapo kila jozi hubeba alama ndogo ya ukaguzi. Programu ikipokea jozi, hukagua alama yake. Ikikubali, huandika. Isipokubali, sasa ndipo programu zinapoachana njia, na ndipo mnapopaswa kuzitazama kwa makini kuliko rangi zake.

Siku tuliyochagua programu ya ofisi tulikaa na mkuu wetu na fundi wa kompyuta aliyekuja kutoka Kampala. Shida yetu kubwa ilikuwa majirani. Ng'ambo ya mpaka, kule Aru na Ariwara, kuna nyumba za foni, vyumba vya redio ambamo mfanyabiashara hulipia kuzungumza na mwenzake aliye mbali ndani ya Kongo. Masafa yao yaligusana na yetu. Unasubiri gari la Omugo, unasikia mtu anagombania mbao. Unasubiri Koboko, unasikia mama anauliza kama binti amejifungua salama, na unajikuta nawe unasubiri jibu. Wasipokuwa na mteja walifungulia muziki hewani, ili mwingine asije kukalia nafasi yao.

Basi siku hiyo sote tulitaka kitu kimoja: kutowasikia. Fundi akatuonyesha programu yenye kichujio chembamba kuliko zote. Ilikata kila kilichopita pembeni ya masafa yetu, na ujumbe ukija na kasoro yoyote iliutupa wote, usichafue skrini. Ilikuwa safi kama sahani ya wageni. Mkuu akapiga makofi. Candiru akapiga makofi. Mimi pia nilipiga. Watu wanaokaa katikati ya nchi, mbali na mipaka, wasingefanya kosa hilo, maana hawajui uchovu wa kusikia biashara ya nchi nyingine tangu asubuhi.

Programu hiyo ilikuwa na ufunguo wa umiliki, na kila baada ya muda iliutaka mtandao ili ithibitishe kwamba hatukuiiba. Mvua ilipoangusha mtandao ikajifunga. Candiru akaniita: "Base, njoo. Mashine inasema sisi wezi." Magari matatu njiani, nasi tunasubiri ruhusa ya kuyasikia. Tangu hapo swali langu la kwanza kwa programu yoyote likawa hili: mtandao ukikatika, utafanya kazi? Liandikeni hilo.

Taban alikuwa dereva wetu wa chanjo. Mtoto wa askari, Mwislamu wa Koboko, mrefu hata kiti cha gari kilisukumwa nyuma hadi mwisho na wenzake wakalalamika. Kila alipoita hewani, kabla ya kusema yuko wapi, aliuliza: "Base, umekula?" Nikisema bado, alikataa kutoa taarifa yake. "Basi mimi pia bado kufika. Kula kwanza." Mkuu alituonya mara nyingi kuhusu mazungumzo yasiyo rasmi. Taban aliacha kwa wiki moja, kisha akaanza upya.

Mkewe, Keji, alikuwa na cherehani sokoni Koboko, akishona sare za shule. Gari la Taban lilikuwa na betri iliyochoka, na nyingine ilikuwa imeagizwa. Kwa sababu ya betri hiyo mlio wake uliteremka mwishoni, kama mtu anayekaa chini kwa uchovu. Sikio liliujua mara moja. Candiru alikuwa akisema, "Huyo amekaa," nasi tukajua ni Taban.

Siku yenyewe ilianza vizuri. Nesi aliyekuwa naye alishikwa na homa Omugo akabaki huko. Taban akaendelea peke yake na sanduku la chanjo, akapita Koboko, akaingia Midia kwenye zahanati. Asubuhi alituma mahali alipo, programu ikaandika vizuri. Akaniuliza kama nimekula. Nilikuwa nimekula.

Baada ya chakula cha mchana, jua likiwa kali, nilikuwa nimeinama nyuma ya meza nikifunga waya wa betri. Candiru alikuwa kitini, spika ya redio yenyewe iko wazi. Nikasikia mlio ukipanda, ukishuka, ukiteremka mwishoni. Candiru akasema: "Base. Taban amebonyeza."

Niliinuka nikatazama skrini. Ilikuwa safi. Hapakuwa na jina la gari wala herufi hata moja.

"Umesikia?" akauliza.

"Nimesikia."

"Basi mbona hii haijasikia?"

Tukaita. Tukaita kwa jina lake na kwa jina la gari, tukabadilisha masafa, tukaita tena. Tulichopata ni mtu wa foni akiimba. Hadi jioni gari halikuonekana Koboko wala Arua. Baadaye, muda mrefu baadaye, lilikutwa mbali ndani ya Kongo, halina magurudumu wala redio wala antena, na watu wa huko walisema lililetwa na wageni. Taban hakukutwa.

Jioni ile ile fundi wa Kampala, aliyekuwa bado Arua, alikuja mbio na programu ya pili, ya majaribio, iliyokuwa ndani ya kompyuta yake. Kwa bahati programu yetu ya ofisi ilihifadhi rekodi ya siku nzima. Tukaikata sehemu ya mlio tukailisha ile ya pili. Ikafikiri kidogo, kisha ikaandika jina la gari, ikaandika kaskazini, ikaandika mashariki, kamili, tena kwa rangi ya kijani. Tukaweka kidole kwenye ramani: Midia, si mbali na zahanati. Candiru alilia kwa furaha. Tulidhani tumempata.

Asubuhi polisi walikwenda, na vijana wa Midia, na ndugu wa Taban, na mimi. Mahali penyewe palikuwa shamba la muhogo la mama mmoja mjane, Mama Poni. Tulipekua kila mstari. Hatukuona damu, hatukuona kiatu. Watu wakasema aliuawa hapo akabebwa. Mama Poni alisimama pembeni amejishika kiuno.

"Mimi nilikuwa nalima hapa jana mpaka jua inalala," akaniambia. "Mbona sijaona mutu?"

Nikamwambia mashine imesema ni hapa. Alinitazama, kisha akatazama shamba lake.

Keji alikuja siku ya pili. Alipoonyeshwa mahali palepale ambapo namba ziliangukia, alipiga magoti. Kuanzia hapo akawa anakuja kila Ijumaa kutoka Koboko, anatandika kanga, anaomba, anarudi. Mama Poni akamletea kigoda. Msimu wa kulima ulipofika, mama huyo, ambaye shamba hilo ndilo chakula chake, alilima pande zote akaruka kipande kile, upana wa mikeka miwili. "Muhogo itaota mahali ingine," alisema.

Mimi kitu kimoja kilinikaa kooni. Usiku wa kuamkia siku ya tukio mvua ilikuwa imenyesha Midia. Udongo ulikuwa laini. Nyayo zetu wenyewe siku ya kutafuta zilizama. Gari lile ni zito. Lakini katika shamba lile hapakuwa na alama ya tairi, wala shina la muhogo lililovunjika. Gari liliingiaje? Nilimuuliza polisi. Akasema, "Mzee, kompyuta iko na sababu gani ya kudanganya?"

Kompyuta haina sababu, bali ina mipangilio. Hapo, vijana, ndipo nilipoanza kuchagua programu kwa kweli, baada ya miaka mingi ya kuzitumia. Nikatafuta ya tatu. Ilikuwa ya bure, imeandikwa na mtu wa kujitolea mahali fulani duniani, mbaya kwa sura, maandishi ya kijivu juu ya weusi, na ilichukua siku kadhaa kuisimika kwenye kompyuta ya zamani. Haikuwa na kitufe kizuri hata kimoja. Nikaipa rekodi ya Taban. Ikaandika jina la gari. Ikaandika kaskazini yote. Ikaanza mashariki, ikaandika jozi ya mwanzo, kisha nyota mbili, kisha ikaishia hapo.

Nikarudi kwenye ile ya pili, nikafungua mipangilio yake moja baada ya nyingine mpaka nikakuta palipoandikwa kwamba sehemu iliyokosekana ijazwe kutoka ujumbe uliotangulia wa gari hilohilo. Ilikuja hivyo kutoka kiwandani, tayari imewashwa, ili mtumiaji asisumbuliwe na mapengo. Kaskazini ilikuwa ya mlio wa hatari. Mashariki ilikuwa ya asubuhi, ya zahanati, Taban alipoulizia chakula changu. Programu ilizishona pamoja kama cherehani, na pale zilipokutana palikuwa shambani kwa Mama Poni.

Na kwa nini jozi ile ilikosekana? Betri. Mlio wa Taban siku ile uliteremka kupita kawaida yake, ukatoka nje ya kile kichujio chembamba tulichokipigia makofi, na nakala zote mbili za jozi. Rekodi yetu ilihifadhiwa baada ya kuchujwa, si kabla. Kilichokatwa hakikuwahi kufika kwenye diski. Kwa hiyo swali la pili la kuuliza programu yoyote: unahifadhi sauti ghafi, kama ilivyotoka kwenye antena, au unahifadhi baada ya kuisafisha? Na la tatu: usipojua, unafanya nini? Ya kwanza ilinyamaza. Ya pili ilijaza. Chukueni inayoweka nyota, hata kama ni mbaya ya sura.

Nilichukua rula nikachora mstari juu ya ramani, kwa sababu kaskazini bila mashariki ni mstari tu. Unaanzia Kongo, unavuka mpaka, unapita mashamba ya Midia na kuendelea mashariki. Barabara inayopitika kwa gari unaikata mahali pawili: kwenye kivuko cha mto upande wetu, na kwenye njia panda ng'ambo, ndani ya Kongo. Polisi wa huku waliniambia kama ni ng'ambo, faili si lao. Wa kule walisema vivyo hivyo kwa upande wao. Na Keji alikuwa amekwenda kwa sheikhe wa Koboko kuuliza kama yeye ni mke au mjane. Sheikhe alimjibu kwa upole kwamba mlio wa mashine haushuhudii kifo. Mpaka apatikane mtu aliyeona au mahali pa kuuliza, hawezi kukaa eda ya mjane. Mahali pakijulikana, alisema, watu wa hapo wataulizwa kwa kiapo.

Kwa hiyo ilinibidi nimwambie. Nilikwenda Midia siku ya Ijumaa. Keji alikuwa ameketi kwenye kigoda pembeni ya kipande kile, majani yameota, Mama Poni anamenya muhogo jirani yake. Nilimweleza taratibu kama nilivyowaeleza ninyi.

"Ile ingine ilisema hapa," akasema.

"Ilibuni, mwanangu. Ilichukua namba ya asubuhi."

"Na hii yako inasema wapi?"

"Inasema haijui."

Akasema bila hasira: "Basi, baba, ile ya uongo ilinipa mahali. Wewe umetoka Arua mpaka hapa kuniletea haijui."

Mama Poni aliendelea kumenya. "Keji, kaa tu," akasema. "Shamba hapana kufukuza mutu. Na wewe, mzee, shika muhogo, usimame na mikono tupu kama polisi."

Nilistaafu nikiwa na kile kipande moyoni. Sajini Wani alikuwa amekwisha kufariki. Nilitamani kumuuliza sikio lake lingesikia nini.

Baadaye Candiru, ambaye sasa ndiye anayeitwa Base, alinipigia simu. Alikuwa amezungumza na mfanyabiashara wa mbao aliyemwambia kwamba mwenye foni mmoja wa Ariwara hurekodi kila mazungumzo ya wateja kwa simu yake, akiiweka karibu na spika, kwa sababu wateja hukubaliana bei leo na kukana kesho. Nilipita kituo cha mpakani cha Vurra katikati ya malori, nikavuka, nikamkuta. Anaitwa Deo, mtu mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi.

"Papa wa Arua!" akasema nilipojitambulisha. "Ni wewe mwenye ile ndege? Ile ya kulia tiii-tuu, tiii-tuu? Ilikuwa inaharibu biashara yangu, papa. Mutu anasema bei, ndege inalia, mwenzake anasema hajasikia."

"Na muziki wenu ulikuwa unaharibu yangu."

"Ah! Ulikuwa unausikia?" Akafurahi kweli. "Ulipenda?"

Nilimweleza kuhusu Taban. Akavua miwani. Tukatafuta kwenye kadi zake za zamani, kwenye kopo la maziwa ya unga lililojaa kadi, tangu asubuhi hadi alasiri. Redio yake haikuwa na kichujio chochote. Na katika mazungumzo ya siku ile, nyuma ya mtu anayebishania mbao, nikasikia ndege akipanda, akishuka, akikaa chini. Mlio mzima, mpaka mwisho. Deo alinishika bega. "Njo yeye?" akauliza. Nikaitikia kwa kichwa kwamba ndiye.

Hakutaka malipo. Alitaka nimwambie jibu likipatikana.

Nimeifanyia kazi rekodi hiyo tangu niliporudi. Nimeipanga sambamba na yetu, nimejaribu kuondoa sauti ya yule mfanyabiashara, nikaacha kwa sababu kila nilipomwondoa aliondoka na kipande cha Taban. Simu ya Deo ilibana sauti ili isijaze kadi, na sauti iliyobanwa hupoteza vitu vidogo. Kwa hiyo hata nyinyi, msirekodi ishara kwa njia ya kubana. Diski ni rahisi kuliko majuto. Mahali penye nyota mbili, yule mtu anapaza sauti: "Hapana, hiyo bei hapana!" Chini ya maneno hayo ndimo ilimo jozi ninayoitafuta, mara mbili, kama kawaida.

Programu ya tatu sasa haiweki nyota. Nakala ya kwanza ya jozi inaisoma kama kivuko cha mto, upande wetu. Nakala ya pili inaisoma kama njia panda, upande wa Kongo. Nimezikagua alama zao kwa mkono, kwa kalamu na karatasi, kama Sajini alivyonifundisha. Zote mbili zinapita ukaguzi. Ile ya kijani ya majaribio niliijaribu pia, ikachagua moja mara moja bila kusita, na sitawaambia ipi.

Ijumaa iliyopita nilikwenda Midia. Keji aliniona nikitokea njiani, akainuka kigodani kabla sijafika.

"Imesema?" akauliza.

Nilimweleza nakala mbili zilivyosomeka, moja huku, moja kule. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kama nimekula.

Mvua za mwaka huu Mama Poni amelima shamba lake lote, na ameruka kipande kile tena. Keji bado hajakaa eda.